Nilitia Chaki Yangu Juu ya Mawese

Nina miaka arobaini na saba, baba wa watoto watano, mkazi wa Mikelenge hapa Kindu. Leo nalima mihogo. Lakini kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi wa kutia mafuta mabehewa ya treni, na wapo wanaosema nilifukuzwa kwa hujuma. Ndugu wasomaji, nawaandikia ili uongo huo ufe!

Kila mwisho wa ekseli ya behewa kuna kasha la chuma. Ndani yake kipande cha shaba, chenye madini laini, hukaa juu ya ekseli na kubeba uzito wote. Chini tunashindilia pamba iliyolowa mafuta. Ekseli ikizunguka huigusa pamba ile na kujipaka mafuta yenyewe. Pamba ikikauka... shaba inapata moto, madini yanayeyuka, ekseli inakatika kama muwa.

Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Mzee aliyenifundisha kazi, Mwislamu kama mimi, alinionyesha njia yake: treni ikifika, weka kiganja juu ya kasha, soma Alhamdu. Ukiimaliza bila kuondoa mkono, behewa liende. Ukishindwa, libaki. Baada ya kutia mafuta, fundi huchora alama yake kwa chaki. Yangu ilikuwa mwezi mwandamo, na kila mtu stesheni aliujua.

Ramazani, mtunza ghala la mafuta, ni kaka wa mke wangu Zaina. Ndiye aliyenipeleka kwao kuposa. Tumekula sahani moja miaka mingi. Ningemshuku vipi?

Mwaka wangu wa kumi na tisa kazini mafuta yakawa haba. Asubuhi moja ya ukungu alinipa kopo la mafuta mekundu, mazito, yaliyoganda pembeni. Nikayanusa. Mawese! Yale tunayopikia sombe, majani ya mihogo! Nilimwuliza, akacheka, akasema mafuta mapya ndivyo yalivyo. Nikasita.

“Shemeji, ile njo iko, ingine hakuna,” akaniambia. “Tia chaki, treni iende. Ao unataka Zaina asikie unaniita mwizi?”

Nikatia. Pua yangu ilikataa, mkono wangu ukachora. Hilo ndilo kosa langu, na silifichi.

Kwenye baridi mawese huganda, hayapandi kwenye pamba. Kabla ya kufika stesheni ya Kibombo ekseli ya behewa la nne ilikatika. Kalume, mshika breki, alirushwa nje, na mguu wake wa kulia ukasagika. Waliukata chini ya goti... Kalume, aliyekuwa anatuchezesha kwenye kila arusi!

Juu ya kasha lililovunjika waliukuta mwezi wangu. Na nani alikuwa wa kwanza kunishitaki? Ramazani! Alisema alinipa mafuta safi, mimi nikayapeleka Lokandu kwa wenye mashine za kukoboa mpunga. Kumbe huo ulikuwa mchezo wake mwenyewe: mafuta ya reli yalishuka mto na mtumbwi, pipa likajazwa mawese. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasimamishwa kazi. Baada ya miezi miwili karatasi ikawa tayari, kwamba nimehujumu mali ya taifa. Sahihi yangu tu ilibaki.

Nikakataa! Niliwaomba mkuu wa stesheni na wajumbe wa chama tawala tutoke wote nje. Treni ya mchana ilikuwa imeingia; mafundi wengine waliitia mafuta ya ghala la Ramazani, na mimi sikuwa nimeigusa. Nilipita kasha kwa kasha mpaka nikapata lile lililoniunguza. Nikamwita Ramazani.

“Weka mukono yako hapa, shemeji. Soma Alhamdu mupaka mwisho.”

Aliweka. Hakufika aya ya tatu, akauvuta mkono na kuupuliza. Mkuu akaamuru kasha lifunguliwe. Pamba ikatoka nyekundu, inanata, inanuka jiko. Ramazani akaketi palepale kwenye reli.

Basi nilishinda, sivyo? Mkuu alikwisha kusema ataandika kwamba sikujua kitu, nirudi kazini. Lakini Kalume alikuwapo, ameegemea magongo yake. Aliniuliza neno moja tu.

“Shabani, weye ulinusa?”

Ningeweza kusema hapana, nani angejua? Nikachukua kalamu na karatasi safi, nikaandika: nilinusa, nikanyamaza, nikatia chaki. Mkuu akaniinamia sikioni, akaniita raia kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile.

“Sitwayen, ukiandika ile, unajifukuza weye mwenyewe.”

Nikatia sahihi. Na chini yake nikachora mwezi wangu.

Nilipoteza kazi na nyumba ya reli. Ramazani alifungwa, na ukweni hadi leo hawanipi hata maji. Zaina alilia wiki nzima, kisha akashika jembe tukalima pamoja. Waniite msaliti, waniite mjinga! Mhujumu sikuwa, na mwongo sikukubali kuwa.

Nawasihi, ndugu zangu: pua yako ikikataa, usitie chaki, hata anayekuomba awe shemeji yako. Aibu ya kumwudhi ndugu hupita. Mguu wa mtu haurudi.

Kalume hupita shambani kwangu na magongo yake, tunakula sombe pamoja. Hajanisamehe, ameniambia wazi. Lakini anakula.