Sointu na Mnoaji wa Viatu vya Barafu

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sointu Tolvanen alishuka kwenye gari la mama yake mbele ya ukumbi wa barafu wa mji wa Kuopio, begi begani na kipande cha mkate mweusi wenye siagi mkononi. Nje kulikuwa bado giza, na theluji ilinong'ona chini ya viatu vyake. Aliketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akavaa viatu vya kutelezea, akakaza kamba mpaka vidole vikamuuma. Kisha aliingia uwanjani, akateleza saa nzima kabla ya kwenda shuleni.

Jirani na chumba hicho palikuwa na kichumba cha Taisto Pirskanen, aliyenoa viatu vya watoto wote wa chama chao cha kuteleza. Chini ya kiatu cha kutelezea kuna chuma chembamba chenye makali mawili, ya ndani na ya nje, na yasipolingana mtelezaji huyumba. Taisto alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya jiwe lake la kunolea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikurudishia viatu vyako alisema tu, "Haya, kateleze."

Sointu alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa bingwa wa taifa wa wasichana wa rika lake. Mwezi Machi aliruka mizunguko miwili na nusu hewani, akatua kwa mguu mmoja bila kutikisika, na watu wakasimama kumpigia makofi. Gazeti la mji lilitoa picha yake. Hata mwalimu wa hesabu, ambaye hakujali michezo, alimshika mkono.

Halafu likaja joto la kiangazi, na Sointu akarefuka. Alirefuka sentimita tisa kabla ya shule kufunguliwa. Suruali zote zilimfika juu ya vifundo, na miguu yake akaiona kama ameazima kwa mtu. Aliporuka, mwili ulichelewa kuzunguka. Alipotua, barafu ilikuwa pale ambapo hakuitegemea. Mwezi Oktoba, katika shindano la kwanza la msimu mjini Rauma, akawa wa tisa.

Kocha Tuire alimwita pembeni. "Mwili wako umebadilika, Sointu. Ule mruko mkubwa tuutoe kwanza. Turudi kwenye miruko midogo mpaka uuzoee urefu wako. Mwakani tutaurudisha."

"Mwakani! Niruke kama watoto wa miaka minane? Si watanicheka?"

"Watacheka wiki moja. Ukiharibu goti, utalia miaka."

Sointu akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni alikataa. Asubuhi, kocha akiwa upande wa pili na wadogo, aliujaribu mruko ule kwa siri. Alianguka, akainuka, akajipangusa nyonga, akaanguka tena.

Novemba walikwenda mji wa Lahti kwa basi, watoto na wazazi wao. Mruko mkubwa haukuwamo tena katika mchezo wake. Kocha alikuwa ameshaufuta kwenye karatasi ya majaji. Muziki ulipofika katikati, Sointu akauruka. Alianguka kwa ubavu. Kwa hasira akaurudia kabla ya muziki kwisha, na safari hii akakaa kitako kwenye barafu mbele ya majaji wote, mikono imetupwa huku na huku. Akawa wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili.

Alipotoka uwanjani, mama yake, kocha na wazazi wengine watatu walikuwa wamesimama langoni.

"Nani alikwambia uuruke?" Kocha Tuire aliuliza kwa sauti ya chini.

Sointu alihisi macho ya wote yakimchoma. Neno likamtoka kabla hajalifikiria. "Si mimi! Ni kiatu! Cha kulia kimenolewa vibaya. Makali ya ndani hayashiki kabisa!"

Mama akageuka. "Taisto ndiye aliyevinoa?"

"Ndiyo. Juzi."

Ilitosha. Ndani ya basi la kurudi, kabla hawajafika mji wa Mikkeli, akina mama wanne walikuwa wameshakumbuka kwamba mabinti zao nao walianguka msimu huu.

"Mzee wa watu, macho yanaisha," alisema mmoja.

"Angeacha zamani," akadakia mwingine. "Mpaka mtoto avunjike mguu ndipo tuseme?"

Sointu alikiegemeza kichwa dirishani akajifanya amelala. Kila neno alilisikia.

Jumatatu mama yake alivibeba viatu mpaka kwenye kichumba cha Taisto, Sointu akimfuata nyuma. Mwenyekiti wa chama naye alikuwapo. Taisto alivipokea, akavigeuza chini juu, akalaza rula ndogo ya chuma juu ya makali mawili. Rula ilikaa sawasawa. Akavaa miwani, akapima tena.

"Viko sawa," alisema.

"Mwanangu anasema havikushika," mama akajibu. "Yeye ndiye anayevivaa."

Taisto akamtazama Sointu. Hakumtazama kwa ukali, na hilo ndilo lililomtesa Sointu baadaye. Alikuwa akingoja tu.

"Havikushika," Sointu akasema, akiangalia sakafu.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema kwamba hakuna anayemlaumu mtu, ila pengine kwa sasa viatu vya watoto vipelekwe kwenye duka la michezo, kuna mashine mpya. Taisto alifungua aproni yake ya ngozi, akaikunja mara nne, akaichukua akaondoka nayo. Siku ya pili mlango ulikuwa umefungwa.

Viatu vya Sointu vikanolewa kwa mashine ya dukani. Akaanguka vilevile. Alhamisi moja, wakila supu ya njegere shuleni, Oona, aliyeteleza naye tangu wakiwa na miaka sita, aliweka kijiko chini.

"Haya bingwa wa msimu uliopita, Taisto hayupo. Leo tumlaumu nani? Barafu?"

Wasichana wa meza ile wakacheka.

"Nyamaza, Oona."

"Nimenyamaza vya kutosha. Mimi nilianguka Lahti kwa sababu nilikuwa na mafua. Mama akasema ni Taisto, nami nikamwacha aseme." Oona hakuwa anacheka tena. "Unajua mama yako na mama yangu hawamsalimu siku hizi? Juzi alikuwa sokoni, wakageukia meza ya samaki mpaka akapita."

Supu ikamshinda Sointu. Jumamosi hiyo alimwona Taisto kwa macho yake kwenye duka la vyakula, kikapu mkononi. Taisto alimwona pia. Alisimama kidogo, kama anayetaka kukumbuka alichofuata, kisha akarudisha maziwa kwenye friji na kutoka bila kununua kitu.

Jumatatu asubuhi Sointu hakuvaa viatu vyake. Alimfuata kocha ofisini.

"Nilidanganya. Viatu havikuwa na kasoro. Nilianguka kwa sababu mruko ule siuwezi sasa."

Kocha Tuire alifunga daftari lake. "Nilihisi," alisema. "Nilivishika palepale Lahti, nikaona viko sawa. Lakini nilikuwa nimechoka kugombana na wazazi, nikakaa kimya. Hilo ni kosa langu, nitalisema mwenyewe. La kwako utalisema wewe."

"Kwa nani?"

"Kwa wote waliolisikia. Kisha kwake."

Wazazi na watoto wao walikutana Jumamosi mchana katika mkahawa wa ukumbi. Sointu alisimama kati ya meza akasema yote. Hakuna aliyemkatiza. Mama yake aliiva uso kama aliyetoka kwenye mvuke wa sauna. Baada ya hapo kocha alisema lake, na mwenyekiti akabaki akikizungusha kikombe chake. Mama yake Oona alinong'ona, "Lakini hata hivyo macho yake..." Oona akamwambia kwa sauti, "Mama, basi!"

Kisha Sointu na mama yake walikwenda nyumbani kwa Taisto. Taisto alifungua mlango, hakuwakaribisha ndani. Sointu aliyasema tena yaleyale, na safari hii yalikuwa mazito zaidi.

"Nilikusingizia. Naomba unisamehe. Mwenyekiti anasema urudi, chumba ni chako."

Taisto aliishika fremu ya mlango. "Umefanya vizuri kuja. Wengi wasingekuja. Lakini sirudi."

"Kwa nini?" mama aliuliza. "Ukweli umeshajulikana."

"Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kutilia shaka mikono yangu. Siku ile nilipofika nyumbani nilivitoa viatu vya mjukuu wangu, nikavinoa kwa jiwe la mkono, nikavipima mara kumi. Vilikuwa sawa, na bado sikuamini. Sasa kila nikishika chuma mkono unacheza."

Sointu alianza kulia.

"Sikiliza, binti," Taisto alisema. "Kuanguka si aibu. Nimewaona mabingwa wengi wakianguka. Lakini wewe ulipokuwa unaanguka ulinishika mimi, ukaniangusha. Una miaka kumi na mitatu, utainuka. Mimi nitachelewa kidogo. Kama nimekusamehe? Bado. Nikikusamehe nitakwambia."

Akafunga mlango taratibu.

Chama kilibandika barua ya kumwomba radhi mlangoni pa ukumbi na kuichapisha gazetini. Watu wakaanza kumsalimu tena. Taisto alikubali jambo moja: kijana aliyeajiriwa kunoa viatu alikwenda kwake mara mbili kwa wiki kufundishwa kwa maneno. Jiwe la kunolea yeye mwenyewe hakuligusa.

Sointu alirudi kwenye miruko midogo, pamoja na watoto wa miaka minane. Walimcheka, na haikuwa wiki moja, ilikuwa karibu mwezi. Machi, katika mashindano ya taifa, aliteleza mchezo rahisi bila kuanguka hata mara moja. Alikuwa wa kumi na moja. Alisimama kando akiangalia msichana wa mji wa Turku akivishwa medali ya dhahabu, na machozi aliyoyazuia yalikuwa ya uchungu mtupu.

Mwandishi wa gazeti la mji alimfuata. "Msimu umekuwa mbaya. Tulichapisha barua ya chama kuhusu viatu. Ilikuwaje hasa?"

"Viatu vilikuwa vizuri tangu mwanzo," Sointu akasema. "Nilirefuka, nikakataa kukubali, nikamsingizia mtu asiye na kosa. Andika hivyo hivyo."

Mwandishi alipoondoka, Kocha Tuire aliketi kando yake kwenye benchi. "Umeteleza vizuri leo. Ule mruko utarudi, mwili utauzoea. Lakini nisikudanganye, Sointu. Ubingwa ukipotea, msimu mwingine unaweza kuutafuta. Imani ya mtu kwa kazi ya mikono yake ukiivunja kwa uongo, huwezi kumrudishia hata ukiomba radhi kila siku. Unaweza tu kusema kweli, ukaendelea kusema kweli, na kungoja. Siku nyingine ukiona aibu inakuja, iache ikufike wewe."

Sointu aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Nitangoja," alisema.