Kadi ya Alhamisi

Siku ya gulio Kasulu watu hupita kwa kupigana viwiko. Veronica, gauni la kitenge cha bluu limemkaa vizuri kiunoni, alikuwa akimhoji muuza maharage kwa ajili ya Redio Umande, kinasa sauti kikamzimikia mkononi. Akakigonga pajani.

"Usikipige, dada. Hakina kosa," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu, shati la njano limenyooshwa kwa pasi. Akafungua kifuniko, akakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaibana kwenye betri. Kikawaka. Jina lake Wilondja, fundi redio, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, na siku hiyo alikuwa na kibali cha kutoka hadi saa kumi.

"Nikulipe nini?"

"Unisalimie kwa redio tu."

Redio Umande ilikuwa ya kanisa: vyumba viwili kilimani, umeme wa jua, mahubiri, matangazo ya vifo, na Alhamisi saa tisa alasiri kipindi cha salamu za kadi, ambacho wakulima wa Murungu hadi Kagerankanda waliacha jembe kukisikiliza. Msimamizi alikuwa Mchungaji Japhet, baba yake Veronica. Alimkaribisha Wilondja kutengeneza mitambo kila alipopata kibali. Wilondja akawafungia kijisanduku: masika betri zikichoka, kinakata umeme wa mtambo wa kurushia matangazo na kuiachia studio kidogo kilichobaki. Hapo taa nyekundu huwaka ukutani, nyuma ya mtangazaji.

"Ukiiona, ujue unajisemesha mwenyewe, sheri wangu," alimtania.

Mapenzi yao yakawa ya simuni na ya nyuma ya chumba cha mitambo. Kila wiki Wilondja alileta kadi yake ya salamu, na kila wiki Veronica alisoma kadi za watu wote akairuka hiyo. Aliogopa baba atamuuliza Wilondja ni nani kwake. Tuseme ukweli, aliona aibu, binti wa mchungaji na mkimbizi, na Wilondja aliijua aibu hiyo kabla yeye mwenyewe hajaikubali.

Mwaka ukapita hivyo. Ndipo majina ya wanaopelekwa kuishi ng'ambo yalipotoka: Wilondja, dada yake Arielle na watoto wa Arielle. Kusaini ni Ijumaa. Akampigia Veronica.

"Minaweza kutoa jina langu mbele ya kusaini. Mi nibaki, tuoane. Lakini unitaje."

"Si nakwambia kila siku nakupenda?"

"Kwa siri. Hapo umezoea. Alhamisi usome kadi yangu. Usiposoma, mi naenda, na sitakulaumu. Simu ninazima mpaka Ijumaa jioni, juu ukinibembeleza nitalegea."

Alhamisi iliwakuta watu na mvua ya siku ya tatu. Mchungaji alikuwa Kibondo kwenye semina. Veronica alivaa gauni lile la bluu, ingawa redioni hakuna amwonaye, akaishika kadi kwa mikono miwili. "Hii imetoka kwa Wilondja wa Nyarugusu, anamsalimu Veronica. Nami Veronica namjibu: ndiye mwanamume ninayempenda, na nitaolewa naye."

Alisikia sauti yake safi kabisa masikioni. Hakugeuka nyuma. Hakuna aliyempigia kumuuliza, akadhani watu wanamwonea haya. Kumbe huko vijijini walishazima redio zao, maana masika Umande kukatika ni jambo la kawaida.

Ijumaa jioni simu ikaita.

"Nimesaini," Wilondja alisema.

"Umesaini nini? Mimi nimesoma kadi."

"Vero, usinifanyie vile. Nilikaa na redio toka saa nane. Ilikuwa inavuma tu."

"Nimeisoma. Nimesema nitaolewa na wewe."

Wilondja akamuuliza kifundi.

"Ile taa ya nyuma yako. Ilikuwa inawaka?"

Veronica akakumbuka ukuta ulivyokuwa mwekundu alipoinuka kutoka studio. Furaha ilikuwa imemjaa, hakujiuliza.

"Ilikuwa inawaka," alisema.

"Basi ni sanduku yangu. Mi mwenyewe niliifunga."

Walilia wote wawili, kila mmoja akimsikia mwenzake. Veronica akamwambia arudi ofisini akafute.

"Tumefungwa faili moja sasa. Nikijitoa, Arielle na watoto wanarudi mwanzo, na ule mdogo anaumwa moyo. Ungekuwa weye, ungewafanyia vile?"

Veronica alitaka kusema ndiyo. Akasema hapana, na akamchukia kwa kumuuliza.

Basi la wasafiri liliondoka kambini Jumatano. Alhamisi jua liliwaka. Saa tisa Veronica aligeuka kwanza, akaitazama taa, ilikuwa imezima. Akaisoma kadi ileile, na jibu lake lilelile, neno kwa neno. Safari hii ilifika kila mahali, na simu ya studio ikaanza kuita kabla hajamaliza. Akaweka wimbo wa kwaya. Baba yake akasimama mlangoni.

"Wilondja ni nani kwako?"

Swali alilolikimbia mwaka mzima lilimchukua pumzi moja tu kulijibu.

"Alikuwa mchumba wangu, baba."

Mchungaji Japhet akavua miwani, akaketi kwenye kiti alichozoea kukalia fundi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu? Kijana yule nilikuwa namwombea apate mke hapahapa, asituache."

Wimbo ukaisha. Ilibaki nusu saa ya salamu. Veronica akavuta kadi iliyofuata, ya mtu wa Buhigwe aliyewasalimu wajomba zake wote, akaisoma.