Mifupa ya Shangazi

Kila asubuhi darasa la pili lilipopanga mstari, Shangazi alisimama nyuma kabisa, amewapita wenzake kichwa kizima. Jina hilo walimbandika kwa sababu alikuwa na chunusi na kifua kilichoanza kuota, ilhali alikuwa na miaka saba tu. Walimcheka kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye masomo.

Mwalimu wa michezo alikuwa hodari wa kujua asiyoyajua. Shangazi aliposhinda mchujo wa mbio za watoto wa chini ya miaka tisa, alimtoa uwanjani mbele ya shule nzima.

"Saba? Unamdanganya nani? Mama yako amekupunguzia umri upate medali!"

"Kweli nina saba, mwalimu."

"Huna hata haya! Nenda ukapigwe eksirei ya mkono, ionyeshe umri wako. Mifupa itakuumbua."

Shangazi alilia njia nzima. Medali hakuitaka tena, alitaka aaminiwe.

Siku ya majibu Shangazi alikwenda hospitali na mama yake, na mwalimu naye alifika, amevaa tai kana kwamba anakwenda kupewa tuzo. Daktari aliitazama picha. "Mifupa hii ni ya mtoto wa miaka kumi na moja."

"Si nilisema!" Mwalimu alimgeukia mama. "Waongo wakubwa nyie!"

"Keti, mwalimu," daktari alisema. "Huyu nimemtibu tangu akiwa mchanga. Ana miaka saba. Balehe imemwahi, na mifupa imeupita umri. Leo ni mrefu, lakini asipotibiwa mifupa itaacha kukua mapema, abaki mfupi. Umemwona kila siku, ukaona udanganyifu tu."

Mwalimu alianza kukagua viatu vyake.

"Anatibika?" mama aliuliza.

"Anatibika. Tutatafuta chanzo, kisha zipo sindano za kuituliza balehe hadi wakati wake ufike. Mmewahi."

"Kwa hiyo mimi si mwongo?" Shangazi aliuliza.

"Hata kidogo, mwanangu."

Mwalimu alijikohoza. "Basi, mama, yaishe."

"Hayajaisha," mama alisema. "Ulimwita mwongo mbele ya shule nzima, utamwomba radhi mbele ya shule nzima. Na hao wanaomcheka uwaambie kwamba mwili kubadilika mapema si kosa wala aibu. Mtoto akiona hivyo amwambie mzazi, na mzazi ampeleke hospitali. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," alijibu mwalimu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani. Kesho yake aliyasema yote mstarini, na safari hii hakuna aliyecheka.