Kijiti ya Kasha Haikulia

Mikono ya Ariane njo batu baliona ya kwanza. Ilikuwa imetoka mu matope, imenyooka juu, inashika basani ya plastiki. Mu basani mutoto wa mwezi moja alikuwa analia, muzima kabisa. Mama yake alikuwa chini ya ile mikono, na alishakufwa.

Inspekta Barthélemy alifika Kasha saa tano ya asubuhi, viatu mu mukono, juu njia ilishageuka mutoni. Mulima ilishuka saa tatu, ikabeba nyumba tatu na batu bane. Mvula ilikuwa imeacha. Majirani balikuwa bado banachimba, na majembe, na sahani, na vidole.

Lakini si matope njo ilifanya baite polisi. Balimuita juu ya kijiti.

Kila mutu wa Kasha alijua ile kijiti. Bomba ya chuma, imepandwa mu mutelemuko nyuma ya nyumba ya Ariane, na mashini ndogo ndani yenye kupima maji ya udongo, na sirene juu. Udongo ikilewa maji, kijiti inalia, batu bote banapanda ku shule. Mwaka jana ililia mara tisa. Leo ilinyamaza jii.

Na fundi mwenye aliipanda, Parfait, kijana wa miaka makumi mbili na tano, alikuwa amefungiwa mu bureau ya directeur wa shule. Inje kulikuwa vijana karibu mia moja, pneu mbili ya gari, na bidon ya essence ya kumuchoma: balisema aliuza betri ya kijiti.

Agent Hugues alikuwa amesimama ku mulango, jasho inamutoka. "Afande, niko na risasi tano. Na bale banajua kuhesabu."

"Camion ya polisi iko wapi?"

"Imekwama mu matope, kule Bagira. Saa moja, labda mbili."

"Bale habatangoja hata robo," Barthélemy alisema, akaingia.

Parfait alikuwa amekaa chini, mudomo imepasuka, ordinateur ya kusomea vipimo ya kijiti ku magoti.

"Uliuza betri?"

"Hapana, chef."

"Ilikufwa?"

"Haikufwa. Angalia, hata sasa iko nasema na mi."

"Basi juu ya nini haikulia?"

"Ilizoea."

"Ilizoea nini? Sema haraka, kijana. Unasikia vile biko naimba inje?"

Parfait alitafuta mu ordinateur. "Kila udongo iko na maji yake, chef. Kijiti inaangalia siku na siku, inajifunza: hapa kawaida ni hivi. Maji ikipita kawaida, inalia. Sasa ona." Akageuza ordinateur. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane: mustari ilikuwa inaruka kila siku saa kumi na moja ya jioni.

"Mu kiangazi? Hakuna hata tone ya mvula."

"Njo vile. Mutu alikuwa anamwanga maji pale. Kila siku, na kidogo kidogo anaongeza. Kijiti ikasema: ah, kumbe hapa ni kwa maji tu."

"Na we hukuona?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliona. Nikafikiri ni chemchemi. Nilikuwa nikuje kuangalia. Sikukuja."

Jiwe ikapiga mabati. Ingine ikafuata. Barthélemy hakuinua macho. Kidole yake ilikuwa imesimama ku mwezi wa saba. Pale mustari ililala, plat kabisa, siku munane. Kisha ikaanza kuruka tena.

"Siku munane," alisema. "Mutu wetu alisafiri."

Akatokea ku dirisha ya nyuma, akashuka mupaka ku kijiti, yenye matope ilipita pembeni yake tu. Udongo ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yake sawa ugali ya fufu ya moto. Pembeni ya bomba, majani ilikuwa imeota mviringo, kijani kupita ingine yote. Akachokora na kalamu. Maganda ya maharagi, mapya juu ya mazee. Jivu ya kusugulia sufuria. Hii haikuwa sabotage ya wanaume. Ilikuwa maji ya sahani, ya mutu mwenye kuosha vyombo ya nyumba muzima, kila jioni, bila kuchoka.

Alivyorudia, alijua mutu wa kuita. Alikuwa mbele ya bote, sauti imekauka, mutoto wa basani amefungwa ku mugongo: Maman Cibalonza, mama mukwe wa Ariane, mwenye alikuwa anaishi naye mu nyumba moja. Ye njo alikuwa anaomba kiberiti.

"Maman, pole sana," Barthélemy alisema. "Ingia useme yote, tuandike déposition. We njo mwenye kilio."

Vijana bakamupisha. Ndani alimuona Parfait, akatema chini.

"Bale ba jamaa bashajua?" inspekta aliuliza, polepole.

"Nani abaki wa kujua? Kaka yangu wa Idjwi alikufwa mu mwezi wa saba."

"Ulienda kumulia?"

"Ningekosaje?"

"Siku ngapi?"

"Munane."

"Na ile siku munane, Ariane alikuwa anamwanga maji ya sahani wapi?"

"Ku robinet ya maji, kule chini. Ariane hapendi kupanda. Mi njo minapandaka na..."

Akafunika mudomo na kiganja.

"Maliza, maman."

Alikaa ku benchi polepole, asimuumize mutoto.

"Nani alikuambia itazoea?" inspekta aliuliza.

Alionyesha Parfait na kidevu. "Ye mwenyewe. Siku ya réunion. Alisema: bamaman, musiogope, hii inajifunza sawa mutoto. Kitu inaona kila siku, inaacha kukiogopa." Akapangusa uso na kona ya kitenge. "Mwaka jana ililia, Ezéchiel wetu, mutoto wa kwanza wa Ariane, alikuwa na siku kumi na mbili. Kwetu mama mwenye ametoka kuzaa anakaa mu nyumba, karibu na moto. Tukamutoa mu mvula. Tukakaa hapa saa ine. Mulima haikuanguka. Kifua ikamukamata, siku ya tatu tukamuzika. Kisha ikalia tena, mulima haikuanguka. Ikalia tena. Nikasema huyu wa pili hatanitokea inje. Mbele azaliwe, nikaanza kufundisha kijiti."

"Ariane alijua?"

"Alijua nini? Leo asubuhi nilikuwa natoka kutafuta makala ya kupikia. Aliniuliza: maman, mvula iko mingi, tupande? Nikamwambia: kijiti haijalia."

Mulango ikapigwa bega. Hugues akapiga kelele barudi nyuma.

Barthélemy aligeukia fundi. "Ukifuta yenye ilijifunza?"

"Itarudia ku kipimo ya siku ya kwanza, ya udongo bila maji ya sahani. Haitakumbuka kitu."

"Futa."

Parfait alipiga touche tatu ya ordinateur. Bakangoja. Halafu, kule chini, kijiti ikalia.

Inje, mawe ikaacha. Barthélemy aliangalia mulima ku dirisha. Mulima haikumaliza. Na bale ba kuchimba balikuwa bado chini.

Akafungua mulango mwenyewe. "Baba zenu na dada zenu biko mu mutelemuko," aliambia vijana. "Muchague: pneu ao bo."

Pneu ikabaki pale, inazunguka peke yake. Bote bakashuka na mbio, Hugues pamoja nabo, na Parfait mu katikati, hakuna hata moja aliyemushika. Bakavuta bazee na mikono. Wa mwisho alipanda na jembe ku bega. Mbele afike ku mulango ya shule, mulima ikashuka tena nyuma yake, ikafunika kila shimo yenye balichimba.

Maman Cibalonza hakusimama. Alikuwa anasikiliza sirene.

Akafungua kitenge, akaweka mutoto mu mikono ya inspekta, kisha akanyoosha mikono yake. Barthélemy alijaribu kutoa pingu. Akashindwa, mukono moja haitoshi.

"Murudishe ku mugongo, maman," alisema. "Tutatembea tu."

"Hapana," alisema. "Umeona vile minatunzaka batoto."