Ukila Ngazini, Usimkaribishe Mtu

Chai ilianza kuwa na chumvi siku chache tu baada ya Beatha na binti yake kurudi kutoka Italia. Beatha alilaumu bomba. Thamesmead nzima, mtaa wao wa Landani, hulaumu bomba kwanza. Akamwaga birika, akachemsha upya, akaonja. Chumvi ileile, chumvi ya bahari, na harufu ya mwani juu yake. Akaiacha mezani, akaenda zake kazini kuwageuza wazee wa watu vitandani. Wengine wakirudi likizo huleta visumaku vya kubandika kwenye friji. Yeye alileta kingine, na alikileta kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini chai haikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni mtoto. Gladness alikuwa mtoto wa kula, mashavu kama maandazi. Sasa alimaliza wali, akamaliza nyama, akaondoka mezani na njaa yake, na mifupa ya mabega ikaanza kusukuma fulana. Daktari alimpima akasema ni mzima. Sawa, daktari hakuambiwa kwamba kiti cha tatu, ambacho hakuna anayekikalia, kila mchana kilikutwa kimevutwa kutoka mezani na chini yake pana maji.

Peris, Mkenya anayefanya kazi na Beatha, alikuja mchana mmoja kutafuta maarifa. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda Castelsordo, mji uleule, mji mdogo wa pwani ambao ukipiga chafya mwanzoni unaombewa afya mwishoni.

“Haya, Mama Gladness, nipe siri zote,” alisema, akijimiminia soda. Chai aliikataa baada ya funda moja. “Mimi sitaki kuhangaishwa huko na watoto.”

“Panda treni ya asubuhi,” Beatha alisema. “Tiketi ya karatasi uigonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla hujapanda, la sivyo faini. Beba pesa taslimu, duka la mkate halitaki kadi. Na kahawa unywe umesimama. Ukikaa tu, bei inapanda.”

“Ai! Kwani wanalipisha makalio?”

“Wanalipisha mpaka kivuli. Ufuo wenye miavuli ni wa kulipia, wa bure uko mwisho kabisa, nyuma ya miamba. Viatu vya baharini nunua hapahapa Landani. Kule hakuna mchanga, ni kokoto tupu, zinakata nyayo.”

“Na mchana kunakuwaje?”

“Mchana hakuna mtu. Maduka yanafungwa, madirisha yanafungwa, mji wote kimya kama umefiwa. Mwenye nyumba alitukataza kula kwenye ngazi za kanisa la zamani saa zile. Mimi nikajua ni mambo ya takataka na faini. Tukala zetu, mkate na dagaa.”

Gladness aliingia jikoni na sahani yake.

“Karibu, mrembo,” Peris alimwambia, akimsogezea biskuti.

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba hataki.

“Ukikaribishwa unasemaje?” Beatha alifoka. “Unasema asante! Kila siku nakufundisha. Utadhani hukuzaliwa na watu.”

Gladness aliweka sahani yake ya chapati mezani. Alikaa, akakata chapati katikati, na nusu kubwa akaisukuma polepole mbele ya kiti kitupu. Kisha akaeleza, kwa Kiingereza chake cha shuleni, kwamba yule mama hula kwanza, na hapendi kuharakishwa.

Peris aliweka soda chini. Akangoja mtoto arudi sebuleni, ndipo akainama karibu na sikio la mwenzake.

“Pale ngazini mlikuwa na nani?”

“Hatukuwa na mtu.”

“Mama Gladness.”

“Alipita mtu nyuma yetu, basi. Sikugeuka. Nilisikia tu nguo ndefu ikiburura juu ya jiwe, kama imelowa. Nikasema karibu.”

“Ulisema nini?”

“Karibu! Unakula, mtu anapita, utanyamaza? Mimi nililelewa, Peris.”

“Akajibu?”

“Mzungu atajibu nini?” Beatha alisema. Halafu sauti ikamshuka. “Alisimama. Nguo iliacha kuburura. Ilianza tena tulipoinuka, nikajua anashuka njia yake.”

Wote wawili walitazama mezani. Ile nusu ya chapati ilikuwepo, haikupungua hata ukingo, ila ilikuwa imelowa chapachapa na kupauka kama nyama ya maiti aliyetolewa majini.

Peris hakusubiri kuaga vizuri. Kesho yake alirudi na Mzee Shaame, Mzanzibari anayeishi mtaa wa Barking, anayesomea watu maji na kuzungumza na wasioonekana. Alikuja kwa basi, kofia kichwani, na alipoingia alivuta pumzi mara moja tu.

“Shikamoo, mzee,” Beatha alisema.

“Marahaba, mwanangu. Mbona pwani yote mmeihamishia humu?”

Alielezwa. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akawavuta wanawake wale mpaka kwenye kona ya jikoni, kando ya jiko, akanong’ona.

“Huyu hakuvamia, kakaribishwa. Ukimfukuza kwa matusi ataondoka na mtoto. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlidhani waliosema vile walikuwa wakiwasema wavivu tu? Jembe mnalo?”

Beatha alikuwa na kijembe cha kupalilia mchicha wake wa uani.

“Kitatosha. Sasa nisikilizeni. Akitoka ataaga, na ataaga kwa neno zuri, maana ana adabu kutuzidi. Msimjibu. Neno lake lisipojibiwa litafia njiani. Likijibiwa, ni ahadi.”

“Na mtoto?” Peris aliuliza.

“Huyo?” Beatha alisema. “Kiswahili anakisikia tu, hajibu. Hana neno.”

“Basi mwacheni na televisheni yake,” mzee alisema.

Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa jikoni, watoto wa jirani wanapiga mpira nje. Mzee Shaame aliegemeza kijembe kwenye kiti kitupu, akasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mkwe wake, “Mgeni wetu, umekula, umepumzika, shukrani kwa kuja. Sasa jembe hili, twende shambani.” Mpira nje ukanyamaza, friji ikanyamaza, na ile harufu ya mwani ikapanda kutoka sakafuni mpaka ikajaa jikoni. Kisha kiti kikasogea nyuma taratibu, miguu yake ikikwaruza vigae, mtu asiyeonekana akiinuka bila haraka kama bibi aliyeshiba, na kijembe kikaanguka, hakikuguswa, na nguo iliyolowa ikaanza kuburura, ikampita Peris aliyefumba macho, ikampita Beatha na kumwachia ubaridi mgongoni, ikatoka jikoni na kushika ukumbi, michirizi ya maji ikijichora yenyewe kwenye zulia, mpaka kwenye mlango, ambao mzee alikuwa ameuacha wazi makusudi.

Hapo ikasimama.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye maji ndani yake. Ilikuwa na Kiswahili cha Beatha, lafudhi ya Beatha. Kila siku alikuwa akila chakula cha nyumba ile, na ulimi wa wenyeji wake akaula pia.

“Nimeshiba,” ilisema. “Na nyie karibuni kwetu.”

Mzee Shaame alimziba Beatha mdomo kwa kiganja. Peris aliuma kanga yake. Maji pale mlangoni yakaanza kukauka, harufu ikaanza kulegea, nje mpira ukadunda tena, na mzee akaanza kuinua mkono wake taratibu.

Ndipo sebuleni televisheni ikazimwa.

“Asante, mama,” Gladness alisema, kwa Kiswahili safi kuliko cha yeyote mle ndani, kama alivyofundishwa kila siku. “Nitakuja.”

Mlango ukajifunga wenyewe, polepole, kwa adabu.

Beatha alikimbilia sebuleni. Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya begi la safari, ambalo lilikuwa bado halijatolewa vitu vyote, akipekua chini kabisa. Rangi ilikuwa imemrudia mashavuni. Aliinua uso, akatabasamu.

“Mama,” aliuliza, kwa Kiswahili kilekile, “vile viatu vyangu vya baharini umeviweka wapi?”