Tawi Lililong'olewa Mushikulu

Jumanne adhuhuri gauni la Emily Navalayo lilikuwa bado linachuruzika maji. Mama yake, Sellah, alilianika tangu Jumapili jioni, na jua la Januari kule Lurambi hukausha hata blanketi kabla ya saa sita. Alilikamua kwa mara ya tatu. Yakatoka maji meusi kidogo, yenye harufu ya tope.

"Baba Navalayo," alimwambia mumewe alipokuja kula, "mtoto aliingia bwawani siku ile?"

"Hakuingia."

"Basi shika hili."

Ignatius Lumwaji, karani wa masjala mjini Kakamega, alilishika gauni kisha akalirudisha kambani.

Jumapili baada ya misa alikuwa amempeleka binti yake kwenye hifadhi ya bwawa la Mushikulu, mwendo wa saa moja kwa miguu, mahali watu wa mjini huenda kutazama ndege na kula chakula walichobeba. Navalayo alikuwa na umri wa miaka minane, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa. Kipruto, mlinzi wa lango, aliandika majina yao katika kitabu cha wageni.

"Mzee, huyu binti ndiye mkubwa wako?"

"Ndiye. Mimi nabebanga kikapu tu."

Walikula kuku na ugali karibu na maji. Nzi walipowasumbua, Ignatius aliona tawi la mti wa lusiola limechomekwa topeni ukingoni, akaling'oa akawapungia nalo. Mawingu yalipokusanyika alijitwika kikapu, akalitia tawi begani na kutangulia, maana Navalayo alikuwa bado anatupa vijiwe majini. Bila kugeuza shingo alisema kwa sauti, "Haya, twende nyumbani. Usibaki hapa."

Alisikia nyayo zikimfuata. Njia nzima mtoto hakusema neno, naye akadhani amenuna. Walipofika alilitupa tawi nyuma ya jiko.

Tangu siku hiyo Navalayo hakula. Alikunywa maji tu, kwa kata, mpaka mtungi ukaisha. Alikaa kitandani ameelekea ukutani, upande wa Mushikulu, na sakafu chini ya kitanda ililoa ingawa Sellah aliipangusa kila mara. Walimpeleka hospitali, wakampima malaria na homa ya matumbo, hawakuona kitu. Walipomwita jina hakugeuka.

Jumatano jioni Ignatius alipiga magoti mbele yake. "Mama, niambie. Ulipewa jina la nani?"

Navalayo lilikuwa jina la nyanya yake, naye alipenda sana kuulizwa hivyo. Sasa alitabasamu, akafungua kinywa, na kutoka ndani, badala ya maneno, ulisikika mlio wa maji yanayojaa chunguni.

Sellah alimvuta mumewe hadi nje. "Huyo si mtoto wangu," alinong'ona. "Nimemlaza karibu nami siku tatu na mwili wake hautaki joto. Mwite Maalim wa Mumias."

"Padri akisikia?"

"Padri ana mtoto?"

Maalim Swalehe Osundwa alifika Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, mzee mwembamba mwenye fimbo. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, kisha akauliza ni kitu gani kilitoka bwawani kikaja nyumbani hapo. Ignatius alikumbuka, akaenda nyuma ya jiko. Siku tano juani, na majani ya lile tawi yalikuwa mabichi kana kwamba limekatwa asubuhi hiyo.

"Bwana Ignatius, wewe ni wa hapa hapa," Maalim alisema polepole. "Mtu akizama, jamaa zake huendaje kuichukua roho yake?"

"Huenda na tawi. Humwita waende nyumbani. Kisha hutembea bila kugeuka mpaka wafike."

"Na wewe ulisema nini pale?"

"Nilikuwa namwita binti yangu."

"Hukumtaja jina. Hukumtazama. Aliyesikia ndiye aliyekuja."

"Ni yule kijana aliyezama bwawani humo Desemba?"

"Huyo watu wake walishamchukua, kwa tawi lao. Hili waliliacha kufunga njia nyuma yao. Wewe umemleta aliyemzamisha. Ni jini la maji. Limevaa mwili wa mtoto, na mtoto mwenyewe yuko kule ukingoni, anakungoja."

Sellah alikaa chini palepale. "Atangoja mpaka lini?"

"Mwili ukijaa maji hatakuwa na pa kurudi. Hauvuki kesho." Maalim akamgeukia Ignatius. "Chukua tawi, nenda sasa hivi. Jini litauacha mwili wa mtoto likufuate, kwa sababu lilikuja kwa tawi hilo. Lichomeke kwa nguvu palepale ulipoling'oa, umwite mtoto kwa majina yake yote, urudi. Usiseme neno lingine njiani, wala usigeuke. Utakayeingia naye mlangoni ndiye atakayekaa."

Ignatius alitoka na tawi mkononi. Nyuma yake, ndani ya nyumba, kitu kilishuka kitandani kama nguo mbichi inayoangushwa sakafuni, naye akatembea, na nyayo zikaanza kumfuata, nzito, zilizolowa, zikikanyaga pale alipokanyaga, na kila alipopita mtu njiani yule mtu alisogea kando bila kumjibu salamu ya kichwa aliyompa.

Langoni Kipruto alifungua kitabu. "Mzee, mmerudi wawili tena. Huyu mwenzako anaitwa nani, niandike?" Kisha alitazama vizuri, akakifunga kitabu na kuingia kibandani kwake.

Ukingoni Ignatius alipiga magoti topeni akalichomeka tawi, lakini tope lilikuwa laini. "Emily Navalayo Lumwaji," aliita, "binti wa Ignatius na Sellah, twende nyumbani." Akainuka, akayapa maji mgongo.

Zilikuja nyayo ndogo, nyepesi, za mtoto anayeruka jiwe hadi jiwe. Machozi yalimtoka. Hakugeuka. Alikuwa amefika kwenye mikaratusi aliposikia, mbali nyuma, mlio wa kitu kinachong'oka topeni, na baada ya hapo zikawa jozi mbili za nyayo, moja nyepesi na moja nzito, akajua kwamba hakulichomeka sawasawa, akajua pia kwamba akigeuka kulirudisha atampoteza yule mdogo aliye karibu na kiwiko chake, basi akaendelea, huku sauti ya Navalayo ikimwambia kutoka nyuma, baba nimechoka, nibebe, na sauti hiyo ilitoka upande wa zile nyayo nzito, naye akauma mdomo mpaka damu ikatoka.

Uani kwake nyayo nyepesi zilimpita mbio. Kutoka ndani kilisikika kikohozi, kisha kilio, kisha, "Mama, nina njaa." Sellah alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Ignatius aliinua mguu avuke kizingiti. Maji yalidondoka kwenye ngazi, nyuma ya kisigino chake. Akaurudisha mguu chini.

"Baba Navalayo, ingia umwone."

"Mkono wake una joto?"

"Una joto."

"Muulize jina lake."

"Emily Navalayo Lumwaji," mtoto alijibu mwenyewe. "Jina la nyanya. Baba anauliza nini?"

"Basi fungeni mlango. Tieni komeo."

"Na wewe?" Sellah alikuja hadi katikati ya chumba, akaona kilichosimama nyuma ya mumewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Maalim, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alisema kwa upole, "Mama, fanya anavyosema."

Ignatius alingoja mpaka aliposikia komeo likiingia mahali pake. Kisha alifumba macho, akageuka, akapita karibu sana na ile harufu ya tope, na kushika njia ya kurudi Mushikulu. Ndani mtoto alikuwa bado anauliza kwa nini baba haingii.

"Haya, twende," Ignatius alisema.

Nyayo nzito zikageuka, zikamfuata.