Soli ya Mwalimu

Fundi viatu alikuwa na kibanda kando ya kituo cha afya. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini moyo ulikuwa mzito. Kila alfajiri aliomba, "Bwana, uliniumba nifanye nini?" Mara mbili alijaribu kuhubiri kanisani. Mara zote ulimi ulimkwama, akashuka akiwa ameloa jasho.

"Labda Mungu amenisahau," alimwambia mkewe.

"Akusahau wewe, na kelele zote hizo za alfajiri?" mkewe alicheka.

Siku moja jirani yao, mganga wa viungo kituoni, alimleta mwalimu mmoja wa shule. Mguu wa kushoto wa mwalimu huyo ulikuwa mfupi tangu ajali ya utotoni. Alichechemea miaka ishirini, kiuno kikimuuma.

"Nitamwongezea soli," fundi alisema. "Nene kiasi gani?"

"Hatukisii," jirani alijibu. Alipanga vibao vyembamba chini ya mguu, kimoja kimoja, mpaka nyonga zikawa sawa. "Sentimita tatu. Ukizidisha, utamuumiza."

Fundi alikata, akagundisha. Alipopima, soli ilikuwa imezidi kidogo sana. Nani angejua? Lakini aliona aibu mbele za Mungu. Akaibandua jirani akimtazama, akaanza upya.

Mwalimu alivaa kiatu. Akapiga hatua moja. Ya pili. Ghafla akasimama, akagusa mabega yake.

"Fundi," alinong'ona, "sijapinda."

Fundi akavua kofia. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe ulikuwa hapa?"

Jirani alimshika bega. "Ndugu yangu, ulitafuta wito wako mimbarini tu. Tazama alichokupa Mungu mikononi. Tazama maumivu ya nani yanakukosesha raha. Na ule uaminifu wako wa kuibandua soli, huo nao amekupa yeye."

Tangu hapo, kila Alhamisi, kituo humpelekea watu wenye shida ya miguu. Fundi hupiga magoti, akapima, akakata polepole. Haulizi tena aliumbwa kwa kazi gani.

Juzi alitoka mzee mmoja, wima, akasahau fimbo yake kibandani. Fundi alimkimbilia nayo.

"Baki nayo, mwanangu," mzee alisema bila kusimama. "Mimi nakwenda."